Njaa Yangu Hawaiamini

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Mjukuu wangu Bonge, mke mwenzangu,

Salamu hizi zikukute umekaa, maana ninachotaka kukuuliza si cha kumuuliza mtu aliyesimama. Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika, la kulia linalisikiliza, lakini jikoni nafika na kurudi. Anayeandika ni fundi cherehani jirani yangu, kama siku zote. Nimemwambia aandike ninavyosema, asiyapige pasi maneno yangu. Ananitazama kwa jicho la pembeni. Andika na hilo, fundi.

Picha yako imefika. Nimeitazama, nikaigeuza nyuma labda kuna nyingine. Nikamuuliza fundi, "Huyu nani?" Akasema, "Si mjukuu wako, bibi." Nikamwambia, "Mjukuu wangu ana mashavu."

Bonge, mashavu yako umempa nani? Gauni la maua alilokushonea fundi huyu huyu linakuning'inia kama limesahauliwa kwenye kamba. Na mume wetu hapo pembeni anachekelea, mshipi kaukaza mpaka tundu la mwisho, utadhani kashinda kombe. Alipokuja kukuposa alikukuta bonge hivyo hivyo. Akasema mbele yangu, "Bibi, huyu nimempenda mzima mzima." Sasa mbona naona nusu?

Kama unaumwa, nitajie ugonjwa. Kama ni fasheni, niambie nikutukane vizuri. Jibu upesi na usinizungushe.

Mke mwenzio,
Bibi


Jumapili, tarehe 24 Machi

Shikamoo Bibi yangu,

Natumaini goti limenyamaza. Mpe fundi salamu, na umwambie gauni halina kosa. Mimi siumwi. Nakula kidogo tu, na nitakueleza kwa nini, ila ujibu kwa tahadhari. Barua zote zinazokuja hapa chuoni hupitia stoo, na mtunza stoo ni mume wangu. Huzifungua. Anasema mke na mume hawana bahasha.

Ilianza mwaka jana. Alipimwa presha, akaambiwa apunguze tumbo. Nikamwambia tupunguze wote, nisimwache peke yake. Sahani zetu zikawa sawa, jioni tunazunguka uwanja pamoja. Tumbo lake likaondoka kama mgeni aliyeitwa kwao. Langu likabaki linanitazama.

"Unakula wapi?" akaniuliza.

"Sili popote."

"Kwa hiyo mizani inakusingizia?"

Basi wakaja watafiti kwenye zahanati ya chuo, wakawatoa damu wafanyakazi na wake zao. Walikuwa wanapima kitu kinaitwa leptini. Nesi alinieleza hivi: mafuta ya mwilini huimimina hiyo leptini kwenye damu, iende kichwani ikaseme, "Huku akiba ipo, acha kula." Majibu yalipotoka, leptini yangu ilikuwa nyingi kuliko ya mume wangu mara kadhaa. Nesi akasema hilo si ajabu, mwanamke ndivyo alivyoumbwa, hata akiwa na uzito sawa na mwanamume yake huwa juu. Akasema pia kwamba ikijaa sana kwa muda mrefu, kichwa huzizoea zile kelele kisisikie tena. Lakini hapo mume wangu alishatoka nje na jibu lake.

Njiani akaniambia, "Umesikia? Damu yako inasema umeshiba. Hiyo njaa unayonililia ni ya mdomo."

Unamjua, Bibi, hagombani. Alihamishia chakula chote kwenye kabati lililokuwa la nguo, akatia kufuli. Asubuhi ananitolea kama anavyowatolea wapishi sabuni pale stoo: yai moja, kipande cha mkate, maharage kwa kikombe. Hanipigi, hanitukani. Ananishika bega na kusema, "Vumilia, mama, mpaka namba yako ifike kwenye yangu." Hilo ndilo ameliweka kichwani, kwamba namba zetu zilingane.

Nimepungua, umeona. Ila njaa ndiyo imenenepa. Nikiwa kazini kwangu, dobini, nafua mashuka ya mabweni, nanusa sabuni ya unga naona kama ya kula.

Mjukuu wako,
Bonge


Jumatano, tarehe 3 Aprili

Bonge wangu, marahaba,

Goti lisikusumbue, halijafungiwa kabati.

Fundi amenisomea barua yako, nikamwambia arudie, akarudia, nikamwambia arudie tena. Mara ya kwanza nilidhani Leptini ni mpangaji. Nikasema ah, wamepangisha chumba na hawakuniambia! Mara ya pili nikadhani ni mwanamke wa nje, nikavaa ndala nije. Mara ya tatu ndiyo nikaelewa ni kitu cha kwenye damu, nikavua ndala, na hasira ikabaki.

Sasa nisikilize mimi nisiyekaa darasani. Umeniambia hicho kitu kinapiga kelele kwenda kichwani. Sawa. Mimi nikiwa jikoni naweza kuita mpaka sauti inikauke, nyie sebuleni mmefungulia redio, nani atanisikia? Mtu akipita nje atasema, "Bibi anaita kweli kweli." Ndiyo, naita. Kuna aliyeitika?

Umesema nisiandike waziwazi. Bonge, mimi hayo mengine siyajui, nikijaribu kuandika kwa mafumbo fundi ataniharibia shono. Kwa hiyo nageuka niongee naye huyo anayesoma kabla yako.

Wewe mume wangu, shikamoo yako nimeipokea hata kama hujaitoa. Ulipokuja kwangu nilikupa nini? Nilikupa mwanamke. Ana nyonga, ana maziwa, ana sehemu ambazo wewe huna na ukizipata utalia. Vitu vyake vikiwa vingi kuliko vyako, hapo kosa ni lipi? Mbona hukusema matiti nayo yalingane? Unampima mke kwa mshipi wako. Ukipungukiwa sabuni stoo, unahesabu upya au unamfungia dobi? Fungua kabati, baba. Nakuomba kwa upole, na upole wangu unakijua kimo chake.

Bonge, wewe iba. Ukiona mkate, iba. Mtu haibi kwake.

Mke mwenzio,
Bibi


Ijumaa, tarehe 26 Aprili

Kwa Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima wa afya. Sisi huku hatujambo. Barua yako tuliipata na tuliisoma pamoja. Mume wangu anakusalimu sana na hana kinyongo, anajua ni mapenzi ya mzazi. Uzito wangu unaendelea kupungua vizuri. Usiwe na wasiwasi wowote kuhusu suala la chakula kwani tunafuata utaratibu.

Wako mtiifu,
Mjukuu


Jumapili, tarehe 12 Mei

Mjukuu wangu,

Barua yako imefika na haina mtu ndani. Fundi alipomaliza kuisoma tukatazamana. Akasema, "Bibi, hii kaandika karani." Tangu lini wewe ukawa mtiifu? Tangu lini ukasema "suala"? Ulipokuwa mdogo nilikutuma chumvi ukarudi umeng'ata mkate wa jirani, ukaniambia umeusaidia. Huyo ndiye namtaka aniandikie.

Nimeelewa kwamba ulikuwa umesimamiwa. Basi sitakuuliza mengi. Nakuuliza moja, na fundi ameona haya, nimemwambia aone haya akiwa anaandika, na aandike kwa herufi kubwa:

UNAONA SIKU ZAKO?

Nimezaa, nimezalisha, na nimeona njaa ikiingia nyumba nzima mwaka ule mvua zilipokataa. Tulikuwa wanawake wengi katika uwanja mmoja, na mmoja mmoja siku zikatukimbia, wasichana na wenye watoto. Wanaume walikonda wakabaki wanaume. Sisi mwili ulifunga mlango. Kwa hiyo nijibu hilo tu, ndiyo au hapana.

Na wewe unayesoma kabla yake, swali si lako, lakini kwa kuwa umeshalisoma, muulize.

Bibi


Alhamisi, tarehe 13 Juni

Bibi yangu, shikamoo. Shikamoo mara mbili,

Hii naandika dobini, juu ya mashine inayotetemeka, ndiyo maana mwandiko unacheza. Nitampa mkuu wetu wa dobi aitume. Nawe ukijibu, andika jina lake juu ya bahasha, "Mkuu wa Dobi". Zake hazifunguliwi na mtu, hata mume wangu anamwogopa.

Bibi, umeniuliza swali na swali lako limezaa.

Mume wangu alinisomea barua yako mezani. Alipofika kwenye zile herufi kubwa akasita. Akakunja karatasi. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Unaziona?" Nikasema, "Sizioni. Tangu Machi." Nilikuwa nataka kuongeza, "Ni njaa, ndivyo Bibi anavyosema." Sikuwahi. Mtu mzima yule alipiga magoti sakafuni, akaniwekea kichwa mapajani, akasema, "Na mimi nilikuwa nakufungia chakula! Mama, nisamehe, kumbe tuko watatu." Analia, Bibi. Sikuwahi kumwona analia. Mkono wangu ukampapasa kichwa wenyewe.

Kabati likafunguliwa usiku huo huo. Kufuli kalitoa kwa mkono wake. Mayai sasa yako kwenye bakuli mezani kama maua. Maziwa asubuhi, maziwa jioni. Mama mkwe kapigiwa simu, kapiga vigelegele nikamsikia mpaka huku.

Nilikwenda zahanati kwa siri. Nesi yule yule akanipima. Hakuna mtoto. Akasema mafuta yamepungua haraka mno, na leptini nayo imeshuka, tena kwa wanawake hushuka kwa kishindo. Kichwa hakisikii tena neno la akiba, kimeamua huu si wakati wa kubeba mtoto, kimefunga duka. Nikamuuliza, "Litafunguka?" Akasema, "Kula. Ukila vya kutosha, kwa muda, zitarudi."

Umeona nilipokwama? Nikisema kweli, kabati linafungwa. Nikinyamaza, nakula. Na nikila, siku zinarudi, na zikirudi zinasema zenyewe. Kila sahani ninayomaliza inanipeleka huko. Nakula, Bibi. Nakula kama niliyetoka jela.

Niambie nifanye nini.

Bonge wako


Jumanne, tarehe 25 Juni

(Kwa mkono wa Mkuu wa Dobi, ambaye namsalimu na namwombea heri ya tumbo na uzazi)

Bonge,

Marahaba zote mbili.

Nilicheka kwanza. Nisikufiche, nilicheka mpaka fundi akaniletea maji, nikafikiria huyo bwana amepiga magoti mbele ya tumbo lenye njaa tu. Halafu nikaacha kucheka, nikakaa, na fundi naye akaacha cherehani. Mdomo wangu umekuponza, mjukuu. Nilitaka kumwonesha shimo, kumbe nimelifunika jani.

Sasa kula. Hilo la kwanza, na usile kwa kunyata. Kula mayai, kunywa maziwa, mwili ni wako na unadai.

La pili ni gumu. Mwambie wewe, kabla damu haijamwambia. Damu haina adabu ya maneno. Itatoka pale pale mbele ya mama mkwe na utaonekana umeua mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Najua kabati litafungwa. Lakini nijibu hili: wanakulisha kwa ajili ya nani? Wanamlisha mtoto, wewe ni bomba tu la kupitishia. Tuseme mtoto yupo, azaliwe, anyonye, aache ziwa. Siku hiyo watakulisha kwa ajili ya nani? Unatafuta mtu mwingine wa kuwa ndani yako ili upewe chakula. Mimi nilikulisha ukiwa peke yako.

Najua pia nyumba ni ya kazi yake, na hata hiyo kazi ya dobi uliipata kwa kuwa ni mke wa mtunza stoo. Ukitoka, unatoka mikono mitupu. Godoro hapa lipo. Fundi anasema anahitaji mtu wa kutia vifungo, naye atakulipa fedha, si kelele kama ninavyomlipa mimi.

Usikae mpaka waanze kuhesabu miezi kwa vidole. Mwambie.

Bibi yako


Jumamosi, tarehe 17 Agosti

(Kwa mkono wa Mkuu wa Dobi)

Bonge wangu,

Kimya chako kimezidi. Niliandika Juni, Julai imepita haina hata salamu. Kwanza nikasema posta. Kisha nikasema labda Mkuu wa Dobi yuko likizo. Sasa nikimuuliza fundi, anakanyaga cherehani tu kwa nguvu.

Umemwambia? Kama umemwambia na mambo yamekuwa mabaya, andika neno moja. Kama hujamwambia, andika hilo. Sitakugombeza. Nikikugombeza itakuwa kwa sauti ndogo.

Goti limeanza kunikatalia njia ya jikoni. Nakwambia tu ujue, si kwa ajili ya kukuita.

Bibi


Jumatano, tarehe 4 Septemba

Shikamoo Bibi,

Sijamwambia. Nisamehe kimya. Barua yako ya Juni naijua kwa moyo, nimeishindwa tu.

Pole ya goti. Likande kwa maji ya moto, usijikaze.

Mama mkwe alihamia kwetu tangu mwanzo wa Julai, kuja kulea mimba. Analala chumba cha pili na mlango wazi. Nikiamka ameamka. Nikienda msalani anauliza nimekawia nini. Mkoba wangu anaubeba yeye mpaka geti la chuo, na dobini mume wangu aliomba nipewe kazi ya kukunja tu, kwa hiyo sinyanyui kitu, nakaa. Kila mtu ananipa kiti.

Na mwili umerudi, Bibi. Mashavu yale uliyoyauliza yamerudi, tumbo limerudi. Jioni wanakaa pande mbili zangu wanalipapasa. "Anakua," anasema mama mkwe. Mume wangu anatabasamu, anasema, "Bonge langu." Mafuta yale yale. Mwaka jana yalikuwa kosa, sasa ni baraka, na mimi sijabadilika popote isipokuwa wanachodhani kimo ndani.

Juzi mama mkwe ameleta nguo ndogo za kitoto, akazitandika kitandani kwangu. Nilizikunja vizuri kama ninavyokunja za chuo. Nilijaribu kufungua mdomo, akautia kipande cha embe.

Nesi anasema siku zangu ziko karibu kurudi. Nasikia maumivu ya kiuno ninayoyajua tangu usichana.

Bonge


Jumatatu, tarehe 30 Septemba

Bibi yangu, shikamoo,

Naandika nikiwa chumba cha pasi, nyuma ya dobi. Mkuu wetu amenitandikia mashuka ya mabweni chini, kuna joto zuri, na mlango unafungwa kwa ndani. Niko mzima. Natumaini nawe u mzima na goti limeshika adabu. Ijumaa nitapanda basi, mwambie fundi anitafutie hivyo vifungo.

Damu ilirudi Jumamosi alfajiri. Nilifurahi kwanza, Bibi. Niliketi msalani nikacheka peke yangu kama mwehu. Kuogopa kulikuja baadaye. Nilichukua shuka nikaja nalo kazini. Dobini hakuna anayekuuliza kwa nini unafua.

Jana mchana tulikuwa mezani. Mama mkwe alinijazia sahani wali na nyama mpaka ikawa kilima. Akasema, "Kula, mjukuu wangu ana njaa."

Nikasema, "Mama, humu hamna mtoto."

"Usitamke hivyo, utamfukuza!"

"Hakuwahi kuja. Muda wote huu nilikuwa nakula mimi peke yangu."

Mume wangu akaweka kikombe chini. "Na siku zako?"

"Zilikatika kwa njaa. Ulipofungua kabati zikarudi. Jana."

Nilimwona anapanga na kupangua, kama anavyofanya mzigo wa stoo ukimkatalia. Kisha akasema, "Kwa hiyo ulinidanganya."

"Nilikwambia nina njaa, ukasema nadanganya. Nikanyamaza, ukaamini."

Mama mkwe akamgeukia. "Njaa ipi? Wewe si ndiye unayeshika chakula cha chuo kizima?" Hakujua, Bibi. Hakuwa ameambiwa habari ya kabati. Mwanawe akaanza kumweleza habari za damu, leptini, namba yake na namba yangu. Anaeleza vizuri, ameshazoea. Mama yake akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akajifunika uso kwa mtandio, akalia. Hakunililia mimi, alimlilia mjukuu. Sikumlaumu. Hata mimi nimemlilia kidogo, nilishamzoea.

Mume wangu akaniambia kwa ile sauti yake ya upole, "Basi tutaanza upya. Tutakwenda kupima tena." Akanyoosha mkono kwenye sahani yangu.

Nikaishika ukingo. Nikasema, "Ngoja."

Sijui nilipata wapi sauti, haikuwa kubwa. Akaacha mkono wake hapo hapo hewani. Nikaendelea kula. Wananitazama wote wawili, mmoja analia, mwingine anasubiri, na mimi natafuna taratibu. Nilidhani nitamaliza kilima chote kwa hasira. Lakini nilipofika kama nusu, ukanijia utulivu fulani wa shibe kutoka chini kuja juu, sijausikia tangu tulipoanza ile safari ya kupungua. Hakuna aliyenipimia. Kijiko nikakilaza mwenyewe, na nyama bado ipo.

Nikamsogezea sahani.

"Sasa chukua," nikamwambia, nikainuka kwenda kufunga mzigo.

Mjukuu wako,
Bonge